Mteja wa Mfano

Si zamani sana wala si mbali sana, palikuwa na nchi iliyoitwa Subira. Siku ya uhuru raia wake waliambiwa kwamba subira huvuta heri, nao wakaanza kuvuta. Wanavuta mpaka leo, na kila mwaka serikali huwapongeza kwa redio.

Mambo yalikuwa shwari mpaka wakili mmoja kijana, aliyetoka chuo kikuu juzi tu, alipomaliza kesi kwa siku tisa. Ilikuwa kesi ya mbuzi. Mbuzi aliyegombewa alirudi kwa mwenyewe akiwa bado hai, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika mahakama zile. Hakimu alipatwa na kizunguzungu akaomba ruhusa. Karani alizunguka na lile faili siku nzima akilia, kwa sababu hakujua faili lililokwisha linawekwa wapi. Kabati la mafaili yaliyokwisha halikuwahi kutengenezwa.

Habari zikafika bungeni. Waziri wa Haki na Mambo Yanayofanana Nayo alisimama, akarekebisha koti, akasema: "Mheshimiwa Spika, vijana wetu wanajua sheria. Hilo si siri tena, na serikali inalifahamu. Wanachokosa ni stadi. Kujua sheria bila stadi ni kumpa mtoto wembe. Leo ameanza na mbuzi. Kesho ataanza na nani?" Wabunge walipiga meza mpaka glasi zikamwagika. Mwezi uleule ikaundwa Taasisi ya Stadi za Vitendo kwa Mawakili Wanagenzi, na ikatangazwa kwamba hakuna atakayevaa joho la uwakili bila kupita humo mwaka mzima.

Ndipo Tegemea Lwiza alipoingia katika habari hizi. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye shahada nzuri na suti moja. Baba yake alikuwa fundi baiskeli katika mji mdogo wa Mabondeni, na siku mwanawe alipopata nafasi Taasisini, mzee alipanda ngazi akaandika kwa rangi nyekundu juu ya kibanda chake: HAPA NI KWA BABA WAKILI. Tegemea alimwomba aifute kwanza, angoje mtihani. Mzee akacheka. "Rangi hii haifutiki, mwanangu," alisema. "Nimechanganya na grisi."

Basi Tegemea alikuwa na kila sababu ya kufaulu.

Masomo yalikuwa ya vitendo kwelikweli. Kulikuwa na Kuahirisha, sehemu ya kwanza na ya pili, ambapo mwanagenzi alifundishwa kuomba kesi isogezwe mbele kwa kuugua, kwa kufiwa, kwa mvua, na, kwa waliofuzu hasa, bila sababu yoyote. Kulikuwa na Kukohoa, ambapo walijifunza vikohozi vitatu: cha kumkumbusha hakimu, cha kumnyamazisha shahidi, na cha tatu, kilicho kigumu kuliko vyote, cha kupata muda wa kufikiri wakati huna la kusema. Kulikuwa na Kutafuta Faili Lililo Mezani. Kulikuwa na Kumwelewesha Mteja Mpaka Asielewe.

Lakini somo lililomtoa Tegemea jasho liliitwa Kupokea Heshima. Tegemea alilelewa na bibi yake mzaa mama, na mdomo wake ulikuwa na ugonjwa: ukimwona mtu mzima tu, shikamoo inatoka yenyewe, hata kama ni mama muuza mchicha. Mkuu wa Taasisi, Wakili Msomi Mwandamizi Ladislaus Tunzo, alilitazama jambo hilo kama daktari anavyotazama kidonda.

"Kijana," alimwambia mbele ya darasa, "mteja ni mtu mwenye shida. Ukimwamkia mtu mwenye shida, umekiri kwamba ni mtu. Ukishakiri, atakuuliza maswali. Akikuuliza maswali, mwisho wake utamjibu. Unaona ulipotumbukia?"

"Naona, mheshimiwa."

"Wewe kaa kimya, tazama karatasi. Mteja ataingiwa na hofu, atakuamkia yeye. Hata awe na mvi kichwa kizima, atakuamkia. Hapo utafanya nini?"

"Nitaona haya, mheshimiwa."

Darasa zima lilicheka. Tunzo hakucheka. Alimweka mbele ya kioo, akamwamuru aseme "marahaba" mara mia mbili. Ilipofika mara ya themanini hivi, Tegemea aliona uso wake kwenye kioo umeacha kubadilika, akaogopa kidogo. Ilipofika mia mbili hakuogopa tena.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa Kumhoji Mteja, nao ulibeba nusu ya alama zote. Taasisi iliajiri wateja wa mfano, watu waliofundishwa kulia kwa utaratibu, na kila mmoja alipewa kisa cha kukariri. Mwaka huo Kamati ya Mitihani ilikaa siku tatu hotelini ili kutunga kisa ambacho hakiwezi kabisa kutokea, mtu asije akasema kimeibwa kwake. Wakakubaliana juu ya hiki: kijana mmoja aliona mwizi akivunja ghala, akaenda kutoa taarifa polisi. Mwizi akadhaminiwa, yuko nje. Yule kijana akawekwa rumande, kwa sababu ni shahidi muhimu na inahofiwa asipotee. Wajumbe walipomaliza kukisoma walicheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja alisema kimezidi chumvi, lakini wakakipitisha.

Dawa ya shida kama hiyo katika sheria za Subira ni ndogo sana. Ni barua ya ukurasa mmoja, wakili yeyote anaweza kuiandika, hata mwanagenzi, kusema kwamba shahidi atafika siku ya kesi. Tegemea aliijua barua hiyo kwa moyo tangu mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Alijua pia kwamba atakayeiandika ndani ya chumba cha mtihani atapata sifuri. Stadi iliyopimwa ilikuwa kumwondoa mteja akiwa ameridhika, bila kumpa kitu.

Jengo la Taasisi lilikuwa na korido moja ndefu. Upande mmoja palikuwa na vyumba vya mitihani, upande wa pili palikuwa na Dirisha la Msaada wa Kisheria kwa Umma. Wiki ya mtihani ilitangazwa kwamba msafara wa Mkuu wa Nchi utapita barabara ya jirani, kwa hiyo amri ikatoka kuta zote zipakwe rangi. Mafundi waliitii amri neno kwa neno. Vibao vya milango vilikuwa ukutani, basi navyo vikapakwa. Korido ikang'aa kama yai, na mlango wowote ukawa mlango wowote.

Zamu ya Tegemea ilifika Jumanne saa nne. Aliketi, akaweka karatasi mbele yake. Nyuma ya pazia la kijani alikaa Tunzo na daftari la alama. Mlango ukafunguliwa polepole, akaingia mama mzee aliyejifunga khanga mbili zilizopauka, na kikapu mkononi.

Tegemea akatazama karatasi. Yule mama alisimama, akahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda huu, akaangalia suti ile na tai ile, halafu akainama kidogo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba," akasema Tegemea, na nyuma ya pazia kalamu ikasikika ikiandika.

"Naitwa Nyamizi, baba. Natoka Kwamtoro. Mwanangu Lukelo wamemweka ndani, mwezi wa kumi na nne huu. Hakuiba yeye. Aliona watu wanavunja ghala la ushirika, akakimbia kwenda kuwaambia polisi. Wakamwambia amefanya vizuri, wakamfungia ili asipotee. Yule mwizi tunakutana naye kisimani. Hunisalimia."

Tegemea alistaajabu. Alijua wateja wa mfano ni hodari, lakini huyu alikuwa wa kiwango kingine. Machozi yake hayakutoka kwa utaratibu. Yalitoka zaidi jicho moja kuliko lingine, na aliyafuta kwa kiganja kwa haraka, kama mtu anayeona haya. Miguu yake ilikuwa na mipasuko yenye vumbi jekundu. Akatoa kadi ya kumtembelea mahabusu, ina mihuri mistari na mistari, na Tegemea akaisifu Kamati moyoni kwa kufikiria hata muhuri. Kisha akafunua kikapu, akaonyesha karanga za kukaanga alizomletea mwanawe, na harufu yake ikajaa chumba. Zilikuwa bado na joto.

Hapo Tegemea alisita. Kamati ya Mitihani isingekaanga karanga. Wazo hilo lilimjia wazi kabisa, na hili ndilo alilolijua miaka yote baadaye, hata pale alipojaribu kujidanganya kwamba hakujua. Lilikaa mbele yake muda wa kumeza mate. Halafu pazia likatikisika, akakumbuka maandishi mekundu juu ya kibanda cha baiskeli, akalisukuma kando.

Akaanza kazi. Alikohoa cha kwanza, alikohoa cha pili. Alitafuta faili lililokuwa chini ya kiwiko chake. Alimweleza Bibi Nyamizi tofauti kati ya shahidi aliyehifadhiwa na shahidi aliyezuiwa, kwa maneno marefu na sauti laini, mpaka bibi akaanza kutikisa kichwa kukubali. Akamwambia shauri lake linashughulikiwa. Akamwambia aje Jumanne ijayo.

"Nitakuja, baba. Jumanne ni siku njema, ndiyo ninayokwenda kumwona."

Sauti ilimkauka mama wa watu, akakohoa kikohozi cha kweli. Tegemea, bila kufikiri, akamimina maji kutoka jagi la mtahiniwa akampa kwa mikono miwili. Bibi alikunywa yote. Kisha akaletewa Hati ya Kuridhika, inayosema mteja amehudumiwa na hana dai lolote zaidi katika shauri hili. Ilikuwa hati halisi, yenye nembo na namba, kwa maana Tunzo aliamini kwamba mazoezi yafanane na kazi katika kila kitu isipokuwa matokeo. Bibi Nyamizi akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akabonyeza kwenye hati, akashukuru mara tatu, akatoka.

Tunzo akatokeza nyuma ya pazia, macho yamemlowa. "Tisini na nane," alisema. "Haijapata kutokea. Mbili nimezikata kwa yale maji."

Hata hawajamaliza kushikana mikono, mlango ukafunguliwa tena. Akaingia mzee mmoja nadhifu, Bwana Shekue, mwigizaji wa michezo ya redio aliyestaafu.

"Wakuu, samahanini sana," alisema. "Mimi ndiye mteja wa mfano. Nimeingia mlango si wangu huko ng'ambo ya korido. Nimekuta wakili mzee, nikaanza tu kulia, basi hakunipa nafasi! Kaniandikia barua pale pale, kapiga muhuri, kaituma gerezani. Nikamwambia, mzee mwenzangu, mwanangu hayupo. Kasema usijali, atatoka leo."

Na kweli, gereza lilipokea amri ya kumwachia kijana wa kwenye kisa, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Askari walihesabu watu mara tatu bila kumwona. Kwa kuwa gereza la Subira halijawahi kukosa mtu linayetakiwa kuwa naye, ikatangazwa kwamba ametoroka. Picha yake ilichorwa kwa kukisia, na watu kumi na mmoja walikamatwa kwa kufanana nayo. Yule wakili mzee wa dirishani alistaafishwa kesho yake kwa manufaa ya umma.

Lakini hayo ni ya baadaye. Pale chumbani Tegemea alikuwa ameshika meza.

"Mheshimiwa, yule bibi alikuwa wa kweli."

"Ndivyo inavyoelekea," alisema Tunzo.

"Na hati ni ya kweli. Tumelifunga shauri la mwanawe. Nimkimbilie, hajafika mbali."

"Kaa chini, wakili msomi." Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo, na Tegemea aliona aibu jinsi neno lile lilivyompendeza masikioni. "Nisikilize vizuri. Alama zako hazihusiani na ukweli wa mteja. Shauri lililofungwa kwa hati linafunguliwa kwa njia moja tu: aliyelifunga aape kiapo kwamba alikosea. Kiapo kikipokewa, mtihani wako umebatilika, na aliyebatilika harudii. Atakwenda kuziba pancha. Hiyo nayo ni kazi ya heshima. Unataka kuapa?"

Tegemea alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha tatu, nacho kilitoka safi bila dosari.

Msimhukumu upesi. Kiapo alikiandika, wiki ileile, kwa mwandiko mzuri, akakikunja mara nne na kukitia mfuko wa ndani wa koti. Alikusudia kukipeleka Jumatatu. Jumatatu ikawa ya mahafali, na baba yake alikuwa amekuja kutoka Mabondeni na viatu vya kuazima. Asingeweza kumwaibisha mzee wake mbele ya watu. Jumatatu iliyofuata ilinyesha. Halafu alikuwa na mafua. Halafu alifiwa na mjomba, wa mbali. Mwishowe Jumatatu zilipita bila sababu yoyote. Naye katika Kuahirisha alikuwa amepata ishirini juu ya ishirini, sehemu zote mbili.

Bibi Nyamizi alirudi Jumanne kama alivyoambiwa. Mlinzi hakujua ampeleke wapi, akamketisha kwenye benchi la wateja wa mfano. Alikuja tena na tena, na siku moja karani wa mitihani, aliyekuwa na upungufu wa watu, akamwingiza ndani. Wakufunzi walivutiwa. Huyu hakuhitaji kufundishwa kisa. Akaandikwa daftarini kuwa Mteja wa Mfano Namba Moja, akawa anapewa chai na andazi kabla ya kuingia. Bibi hakuambiwa kitu. Yeye alidhani chai ni ya wale ambao mashauri yao yamekaribia. Kila Jumanne, iwe ya mtihani au ya mazoezi, alieleza habari za Lukelo kwa kijana mpya mwenye suti mpya, akabonyeza kidole, akashukuru, kisha akabeba karanga zake kwenda gerezani kumwambia mwanawe kwamba mambo yanakwenda.

Miaka minne ilipita hivyo. Tegemea, kwa sababu ya tisini na nane zake, alifanywa mkufunzi, na Tunzo alipopandishwa cheo kuwa katibu wa waziri, yeye ndiye aliyerithi kiti nyuma ya pazia la kijani. Kila Jumanne alisikia kisa kilekile, mtu yuleyule. Hakuwahi kujitokeza mbele yake. Akisikia kikapu kinawekwa sakafuni, uso ulimwaka moto hukohuko nyuma ya kitambaa, na alifumba macho. Nyumbani hakula karanga tena. Mkewe alidhani ni meno.

Jumanne moja ikafika zamu ya mwanagenzi aitwaye Atuganile. Alikuwa msichana mfupi mwenye miwani, mbishi kidogo darasani, na katika Kupokea Heshima alikuwa amepata nne.

Mlango ukafunguliwa. Kabla Bibi Nyamizi hajafungua mdomo, Tegemea akasikia kiti kikisukumwa.

"Shikamoo, bibi."

Katika jengo lile hakuna aliyekuwa amemwamkia bibi yule kwa miaka minne.

"Mimi?" aliuliza. Halafu akasema, "Marahaba, mwanangu," na sauti yake ilikuwa nyingine.

Alieleza kisa. Atuganile alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba aione kadi ya gerezani. Akaigeuza. Kadi ya kwanza ilikuwa imejaa, ya pili imejaa, ya tatu imeshonewa kwa uzi.

"Bibi, mihuri hii ulipigiwa wapi?"

"Getini, mwanangu. Kila Jumanne."

Pale nyuma Tegemea alisikia karatasi ikivutwa, kisha kalamu ikienda mbio. Alijua kinachoandikwa neno kwa neno. Alijua hata mahali mkono utakapotua kuweka sahihi.

"Chukua, bibi. Usirudi hapa. Nenda nayo gerezani leo hii, mwambie mkuu wa gereza aisome. Wakisema shauri limefungwa, waambie wamtaje aliyelifunga, mimi nitamtafuta."

"Na kidole nibonyeze wapi?"

"Hubonyezi popote."

Sheria za mtihani ni fupi: karatasi ya mtihani haitoki chumbani. Tegemea akasimama, akasukuma pazia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile akawa ana kwa ana na Bibi Nyamizi. Alikuwa amezeeka sana, na meno mawili ya mbele hayakuwepo. Alimtazama, akatabasamu, akainama.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba," kikasema kinywa cha Tegemea, kabla mwenyewe hajakiwahi.

Aibu ilimshika hata masikio yakaziba. Akanyoosha mkono. Bibi alikuwa amezoea kurudisha karatasi zote kabla ya kutoka, akampa barua kwa mikono miwili.

"Mwalimu," alisema Atuganile. "Iache itoke. Huyu bibi si wa mfano, na wewe unajua. Nakuona unajua."

Barua ilikuwa mkononi, kiapo kilikuwa mfukoni, kimekunjwa mara nne. Ni vitu viwili tu vilivyohitajika, na vyote sasa vilikuwa kwa mtu mmoja. Gereza lilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mkono wa Tegemea ulikwenda mpaka kwenye koti, ukagusa makali ya karatasi, ukakaa hapo. Alifikiria kibanda cha baiskeli na ile rangi isiyofutika. Alifungua kinywa.

Akakohoa.

"Litashughulikiwa," alisema.

Atuganile alivua miwani akaiweka mezani, akajifunika uso kwa viganja. Bibi Nyamizi alimwendea, akamgusa bega.

"Usilie, mwanangu. Usimkasirikie huyu, namkumbuka mimi. Ni mtu mwema. Wote humu walionihudumia, yeye peke yake ndiye aliyenipa maji."

Kisha akaokota kikapu chake, akakifunika vizuri karanga zisipoe, na pale mlangoni akageuka kuuliza kama Jumanne ijayo ni saa zilezile.

"Saa zilezile, bibi," alisema Tegemea.